Tukague Matango Yetu Kabla ya Kuyapiga Dawa

Kila msimu wa mvua, iwe ile ya Machi hadi Mei au ile ya Septemba hadi Novemba, mtu apitaye nyuma ya nyumba za askari katika kambi nyingi za Uganda huona jambo la kufurahisha. Penye nafasi ya ukubwa wa kitanda pamepandwa mchicha, nyanya, biringanya, na siku hizi matango yaliyopandishwa juu ya vijiti au kufungwa kwa kamba uani. Lakini mtu huyo huyo akirudi baada ya wiki kumi, mara nyingi hukuta majani yaliyokauka kama karatasi, matunda matatu manne yaliyopinda, na kando yake chupa tupu ya dawa ya wadudu ambayo watoto wameigeuza kuwa kitu cha kuchezea. Jambo hilo la pili ndilo lililotusukuma kushika kalamu.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatuna ugomvi na dawa. Dawa ina mahali pake, kama risasi ilivyo na mahali pake. Ugomvi wetu ni na tabia iliyoenea miongoni mwetu, wanajeshi na polisi sawia, ya kufyatua kabla ya kumtambua adui. Jani likipata doa, dawa. Ua likianguka, dawa. Mche ukinyong'onyea saa saba mchana, dawa, tena mara mbili ya kipimo. Askari akifanya hivyo lindoni, atafikishwa mbele ya mkuu wake siku hiyo hiyo. Akifanya hivyo bustanini, husifiwa na majirani kuwa ni mkulima hodari.

Kwanza, kwa nini tango? Mahindi humtaka mtu akae mahali pamoja miezi mitatu au minne, na muhogo humtaka mwaka mzima. Tango, katika sehemu zenye joto, huanza kuvunwa baina ya siku ya 50 na ya 60 tangu mbegu ifukiwe, kisha huendelea kuzaa kwa majuma kadhaa. Kwa mtu ambaye barua ya uhamisho yaweza kumfikia wakati wowote, kumpeleka Moroto au Kisoro, hakuna mazao mengi yanayolingana na maisha yake kama hili. Halihitaji shamba; mche mmoja uliopandishwa juu ya kichanja hutosheka na nafasi ya sentimita 30 hadi 45. Hatudai kwamba tango ni chakula cha nguvu. Takriban asilimia 95 yake ni maji, na mtu aliyetoka doria hashibi kwa maji. Lakini penye posho na maharagwe siku saba za juma, sahani ya kachumbari hubadili mlo, na matango ya ziada huuzwa langoni kwa wakaanga chipsi. Fedha hizo, zijapokuwa kidogo, aghalabu huingia mkononi mwa mama wa nyumba wakati mshahara haujafika.

Wala kulima si kuacha kazi ya uaskari. Katiba yetu ya mwaka 1995, katika Ibara ya 209, inataja miongoni mwa kazi za jeshi kushiriki katika shughuli za uzalishaji kwa ajili ya maendeleo ya nchi. Tangu mwaka 2013 maafisa wa jeshi walipelekwa wilayani kugawa mbegu na miche kwa wananchi. Itakuwa aibu kama mtu aliyevaa sare atamgawia mkulima mbegu bora asubuhi, na jioni arudi kwenye bustani yake mwenyewe iliyokufa kwa uzembe.

Sasa tueleze kisa tulichokiona kwa macho yetu, katika kambi moja ambayo si lazima kuitaja. Mke wa sajini mmoja, mama mchapakazi, alipanda mitango kama ishirini hivi. Iliota vizuri, ikapanda kamba, na ilipofika wiki ya sita ikajaa maua ya manjano hata majirani wakaanza kuagiza matango kabla hayajazaliwa. Baada ya siku chache maua yale yakaanguka yote bila kuacha tunda. Mama akafadhaika. Jirani mmoja akasema ni wadudu, mwingine akasema ni jicho la watu. Akaenda dukani, muuzaji akampa dawa ya wadudu, naye akaipiga kila baada ya siku mbili, asubuhi mapema kabla ya jua kuwa kali, akiamini kwamba huo ndio wakati mzuri. Maua mengine yakaja, yakiwa na vitunda vidogo nyuma yake. Hivyo navyo vikawa manjano, vikasinyaa na kudondoka. Mwisho alipata matango machache, membamba upande mmoja na yaliyovimba upande mwingine kama kibuyu. Fedha ya dawa ilishinda fedha ya matango.

Tulipokaa naye kutazama mambo yalivyokwenda, tuliona kwamba hapakuwa na ugonjwa wala jicho la mtu. Mtango wa kawaida huzaa maua ya aina mbili katika mche mmoja. Maua dume hutangulia, mara nyingi kwa juma zima au zaidi, nayo hayazai. Kazi yake ni kutoa chavua, kisha huanguka. Ua jike hufuata, na hutambulika upesi kwa sababu nyuma yake pana kitunda kidogo chenye umbo la tango. Kwa hiyo maua ya kwanza yaliyomtia hofu yalikuwa yakifanya wajibu wake. Kosa lilikuja baadaye. Chavua ya mtango ni nzito na yenye kunata, haipeperushwi na upepo. Nyuki ndiye huichukua kutoka ua dume na kuipeleka kwenye ua jike. Ua jike hufunguka asubuhi na kufumba siku hiyo hiyo, na katika muda huo mfupi lapaswa kutembelewa na nyuki mara kadhaa, si mara moja tu, ndipo tunda lijae sawasawa. Likitembelewa kidogo, tunda huwa la kupinda. Lisipotembelewa kabisa, hudondoka. Mama huyo alikuwa akipiga dawa saa zile zile nyuki walipokuwa wakija kazini. Aliwaua wafanyakazi wake mwenyewe, kisha akanunua dawa zaidi kwa kuwa kazi haikufanyika.

Iwapo nyuki ni haba, kama ilivyo katika kambi zilizozungukwa na lami na majengo, dawa yake ni kidole. Asubuhi, chuma ua dume lililofunguka, ondoa vijani vyake vya manjano, kisha gusisha chavua yake taratibu katikati ya ua jike. Ua dume moja latosha maua jike mawili au matatu. Watoto hujifunza kazi hii kwa siku moja na huipenda kuliko kuteka maji. Tufahamu pia kwamba zipo aina za matango zinazozaa bila kuchavushwa, ambazo hupandwa zaidi katika nyumba za plastiki. Mnunuzi na asome pakiti ya mbegu kabla ya kulipa. Na kama mbegu ni chotara, asijisumbue kukausha mbegu za tunda lake kwa msimu ujao, kwani watoto hawatafanana na mama.

Adui wa kweli wapo, na yafaa tuwajue kwa sura zao. Wa kwanza kwa hasara ni inzi wa matunda. Jike wake hutoboa tunda changa na kuweka mayai ndani ya ngozi. Mabuu wakianguliwa hula tango kwa ndani, nalo hupinda, huoza na kuanguka. Kisha mabuu hao huingia udongoni kugeuka, na baada ya siku kadhaa hutoka wakiwa inzi wapya. Hapo ndipo ionekane kwa nini kunyunyizia tunda lililokwisha tobolewa ni kazi bure: adui yumo ndani ya handaki, wewe wapiga paa. Yatakiwa kila tunda lililotobolewa au kuanguka liokotwe siku hiyo hiyo, lisiachwe chini wala lisitupwe kwenye lundo la mboji. Lizikwe katika shimo la kina cha nusu mita au zaidi, au lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuwekwa juani siku kadhaa mpaka mabuu wafe. Mtu mmoja akiokota na jirani zake watano wasiokote, amejichosha bure. Hili ni jambo la mstari mzima wa nyumba. Na kitunda kilichokwisha chavushwa chaweza kuvishwa mfuko wa karatasi uliofungwa kwa uzi kwenye kikonyo, ili inzi asikifikie. Gazeti hili, likishasomwa, lafaa sana kwa kazi hiyo, nasi hatutaona vibaya.

Wa pili ni ubwiri, nao ni wa namna mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ubwiri unga huonekana kama unga mweupe uliomwagwa juu ya jani. Hauhitaji mvua ili uenee, na mara nyingi huingia mimea ikianza kuzeeka au ikisongamana. Ubwiri vinyoya huja na majani mabichi yenye maji. Huonyesha madoa ya manjano juu ya jani, yenye pembe pembe kwa sababu yamezuiwa na mishipa ya jani, na ukiligeuza jani asubuhi huona chini yake ukungu wa rangi ya kijivu au zambarau. Huu wa pili ndio wenye mbio. Waweza kuchoma bustani nzima katika muda wa juma moja au mawili. Dawa nyingi za ukungu zinazouzwa kwetu, zile za shaba na za mankozebu, huzuia ubwiri vinyoya usiingie lakini haziliponyi jani lililokwisha kuugua. Aingojaye bustani igeuke kahawia ndipo akanunue, amenunua rangi ya kupaka majani yaliyokufa.

Kinga yake ni rahisi kuliko tunavyodhani. Mimea ipewe nafasi, ipandishwe juu ili upepo upite, na maji yamwagwe shinani asubuhi, wala si juu ya majani wakati wa magharibi. Majani ya chini yaliyoanza madoa yakatwe na kuondolewa. Pasipandwe matango mahali ambapo msimu uliopita palikuwa na matango, maboga au tikiti maji, kwa maana hao ni ndugu na maradhi yao ni ya ukoo mmoja. Kuhusu ubwiri unga, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 huko Brazil ulionyesha kwamba maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, sehemu moja ya maziwa kwa tisa za maji, yaliudhibiti vizuri katika zukini, aina ya boga changa. Mwenye maziwa ya kugawana na mitango na ajaribu. Sisi wenye watoto wanne tutaendelea kukata majani.

Vidukari, wale wadudu wadogo laini wajikusanyao chini ya majani machanga, huondoka kwa maji ya sabuni kidogo wakiwahiwa mapema. Wasipowahiwa huleta virusi, na jani huwa na mabaka ya kijani na manjano, likajikunja. Mche ulioshikwa na virusi hauna tiba duniani. Ung'olewe. Tumeona watu wakiuhurumia mche mmoja mpaka ukaambukiza kumi na tisa.

Kuhusu kunyong'onyea mchana, tusiwe na haraka. Jani la mtango ni pana, na jua kali la saa saba hulifanya lilegee hata kama udongo una maji. Likisimama tena jioni, mmea u mzima. Likikataa kusimama ilhali udongo una unyevu, ng'oa mche mmoja uangalie mizizi. Ikiwa ina vinundu vinundu kama shanga, ni minyoo fundo, na hakuna dawa ya kupiga juu ya majani itakayomfikia adui aliye chini ya ardhi. Hamisha bustani, tia samadi iliyooza vizuri, na usirudishe jamii ya matango hapo kwa misimu kadhaa. Samadi, tukumbushe, iwe imeoza kweli kweli. Kinyesi kibichi cha kuku huunguza mizizi, na mbolea iliyozidi huleta majani mengi ya kupendeza yasiyo na tunda.

Liko pia lalamiko la uchungu. Wengi husema mbegu walizouziwa zilikuwa mbaya. Yawezekana, lakini mara nyingi mwenye kosa ni mwenye kopo la maji. Mtango una ndani yake kitu kichungu cha asili ambacho huongezeka katika tunda mmea unapoteseka, hasa kwa kiu na joto kali. Bustani inayonyweshwa Jumatatu kwa mafuriko na kusahauliwa hadi Jumamosi huleta matango machungu. Kila mche unaozaa wataka lita moja au mbili siku ya jua, kwa hiyo jerikeni moja ya lita 20 yaweza kulisha mimea kumi na zaidi. Matandazo ya majani makavu ya migomba yakiwekwa shinani, maji hayo hukaa zaidi. Uchungu hukaa sana upande wa kikonyo na katika ngozi. Ukate upande huo, umenye, uonje. Tango chungu kupita kiasi litupwe, lisiliwe kwa ukaidi. Na yavunwe kila baada ya siku mbili yakiwa bado kijani, kwa maana tango moja likiachwa mpaka liwe manjano, mmea huona kazi yake imekwisha na hupunguza kuzaa.

Tumerudi tena kwenye dawa, kwa sababu hapa ndipo penye hatari isiyohesabika kwa shilingi. Nyumba zetu zimebanana. Kile apigacho mtu dirishani mwake huingia katika sufuria ya jirani. Tumeona dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda na kuwekwa chini ya kitanda, pale pale anapotambaa mtoto. Tumeona bomba la kunyunyizia likioshwa kwenye bomba la maji ya kunywa. Na tumeona matango yaliyopigwa dawa jioni yakiuzwa langoni asubuhi yake. Tango huliwa bichi, halipikwi. Sumu iliyo juu yake haipiti motoni kabla ya kuingia tumboni. Kila chupa ya dawa imeandikwa idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, na kwa zao livunwalo kila siku mbili, ngoja ya siku saba yamaanisha kutupa matunda ya wiki nzima. Asiyekuwa tayari kuyatupa asipige. Anayelazimika kupiga, na apige jioni nyuki wakisharudi mzingani, afunike pua na mdomo, na chupa tupu aisuuze mara tatu kisha aitoboe ili isichotewe maji na mtu yeyote. Askari wote hufundishwa jinsi ya kuhesabu risasi zilizotoka na zilizorudi ghalani. Hatuoni kwa nini chupa za sumu zisihesabiwe katika nyumba.

Tunajua wapo wakuu wa vikosi na wa vituo vya polisi wasiopenda bustani hizi, wakisema huleta uchafu, nyoka na mbu. Malalamiko yao si ya bure. Maboga yaliyotambaa ovyo hadi mlangoni huficha mengi, na mapipa ya maji yasiyofunikwa huzaa mbu. Lakini katika shule ya makadeti tulifundishwa kwamba askari asiyejua kutunza mahali anapolala hawezi kutunza mahali anapolinda, na tunadhani amri ya kung'oa si utunzaji. Amri ya kupanga ingefaa zaidi: matango yote yapandishwe kwenye vichanja, mapipa yafunikwe, pachimbwe shimo moja la matunda yaliyooza kwa kila mstari wa nyumba, na katika ukaguzi wa usafi wa kila juma bustani nazo zikaguliwe. Dakika kumi za kugeuza majani asubuhi, kabla ya gwaride, zingeokoa fedha nyingi zinazokwenda kwa wauza dawa.

Limebaki jambo moja linalotuuma, nalo ni uhamisho. Mara ngapi tumeona mwenye bustani akiondoka kwa lori alfajiri, na mitango yenye matunda ikiachwa mpaka ikawa makao ya inzi kwa kambi nzima? Silaha hukabidhiwa kwa maandishi, na vitanda, na hata mafagio. Anayehamishwa na amwite yule anayeingia katika nyumba hiyo kabla ya kufunga mizigo, au amwite jirani iwapo mgeni hajafika, amwonyeshe mche upi uling'olewa kwa virusi, dawa gani ilipigwa na tarehe ipi, matango yapi yawe tayari kesho kutwa, na shimo la kuzikia matunda liko upande gani wa ua.